Viini vingi si sababu ya kununua prosesa ya seva

Mtu akianza kupanga kompyuta mpya yenye nguvu, haichukui muda wazo hili kumjia: ya nini kuhangaika na prosesa ya mezani yenye viini (cores, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi) 8 au 16 ilhali za seva zina viini 64, 96, hata 192? Halafu anakutana na Xeon (prosesa ya seva ya Intel) ya mtumba inayouzwa kwa bei ya kutupa, na hapo uamuzi ni kama umeshapita. Mimi namwambia asubiri kwanza. Wengi wanaouliza swali hilo wanafaa kununua prosesa ya mezani, na wachache wanaohitaji ya seva wanaihitaji kwa sababu zisizohusiana na wingi wa viini.

Ushahidi wanao watengenezaji wenyewe. Mwaka 2022 AMD walitoa Ryzen 9 7950X kwa ajili ya kompyuta za mezani, na kabla mwaka haujaisha wakatangaza EPYC 9174F kwa ajili ya seva. Zote mbili zina viini 16. Zote ni za kizazi cha Zen 4, kwa hiyo hata usanifu wa kiini ni uleule. Ya mezani hupanda hadi gigahezi 5.7, ya seva huishia 4.4. Ya mezani imepangiwa wati 170, ya seva 320. Na bei ya hiyo ya seva ni mara kadhaa ya mwenzake. Ukihesabu viini na gigahezi peke yake, utadhani anayenunua 9174F amerogwa. Hajarogwa. Anachonunua ni vile vinavyokizunguka kiini: kache ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 256 dhidi ya 64, chaneli 12 za kupitishia data ya RAM dhidi ya 2, njia 128 za PCIe (za kuunganishia kadi na diski) dhidi ya 24 ambazo mwenye Ryzen anabaki nazo za kutumia. Mara nyingi anakwepa pia leseni, maana kuna programu za seva na za hifadhidata zinazotozwa kwa kila kiini, na mwenye kulipa huko anataka viini vichache vilivyoshiba kuliko vingi vyenye njaa.

Sasa turudi kwa mtu wetu anayetamani viini 96. EPYC 9654, nayo ya Zen 4, inavyo vyote hivyo ndani ya wati 360. Gawanya: kila kiini kinabaki na wati zisizofika 4, wakati kwenye 7950X kila kimoja kina zaidi ya 10. Ndiyo maana kasi ya msingi ya ile ya seva ni gigahezi 2.4 na ya mezani 4.5. Viini vingi katika prosesa moja maana yake ni viini vyenye kasi ndogo, na kiwanda hakina njia ya kuikwepa hesabu hiyo.

Kasi hiyo ndogo ingesameheka kama programu zetu zingekuwa zinatumia viini vyote. Zilizo nyingi hazitumii. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl aliliweka jambo hili wazi mwaka 1967, na hesabu yake haijazeeka. Chukua kazi ambayo asilimia 90 yake inaweza kugawanywa kwa viini vingi na asilimia 10 lazima ifanywe hatua kwa hatua. Viini 16 vitaiharakisha mara 6.4. Viini 64, ambavyo ni mara nne ya hivyo, vitaifikisha mara 8.8 tu. Hata ukiweka viini milioni, mara 10 huivuki. Na asilimia 90 ni makadirio ya ukarimu kwa programu za ofisini, gemu na sehemu kubwa ya kazi za usanifu majengo na mitambo.

Jaribu kuangalia. Fungua dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa wakati programu yako ya kuchora inajenga upya modeli yenye vipande vingi. Utaona kisanduku kimoja kimejaa hadi juu, pengine kinahamahama kutoka nafasi moja hadi nyingine, na vingine vyote vimelala. Kwenye prosesa ya viini 16 yenye nyuzi 32 (kila kiini huhesabiwa kama viwili), jumla itasomeka asilimia 3 hivi. Mashine iko likizo na wewe umekaa unasubiri. Kinachoweza kukupunguzia muda hapo ni kiini kimoja chenye mbio, na viini vyenye mbio kuliko vyote viko upande wa prosesa za mezani.

Sikatai kwamba zipo kazi zinazomeza viini vyote unavyozipa: kutoa picha za 3D, kujenga programu kubwa kutoka kwenye msimbo wake, uigaji wa kisayansi, kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) kwa makumi. Kama hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku, na si ya mara moja kwa mwezi, makala hii haikuhusu sana. Ila hata wewe jiulize kama viini 16 vyenye kasi havikutoshi.

Penye hoja nzito kweli ni kwenye RAM, na ajabu ni kwamba watu hawaizungumzii sana. Prosesa ya mezani ina chaneli mbili. Kwa RAM ya aina ya DDR5 yenye kasi ya 5200, ambacho ndicho kiwango rasmi cha 7950X, hizo ni gigabaiti 83 kwa sekunde. Chaneli 12 za EPYC ya wakati huo, kwa DDR5 ya 4800, zinatoa gigabaiti 460. Sasa mtu anataka kuendesha modeli ya lugha kwenye mashine yake mwenyewe, bila kadi ya michoro. Tuseme modeli ina uzito wa gigabaiti 40. Kwa kila kipande cha neno inachotoa, modeli ya kawaida inabidi isomwe karibu yote kutoka kwenye RAM. Kwa hiyo ya mezani, hata mambo yakienda vizuri namna gani, haitavuka vipande 2 kwa sekunde. Ya seva inaweza kukaribia 11. Viini havijaguswa katika hesabu hiyo. Ungeongeza viini mara tatu kwenye chaneli zilezile mbili, vingekuwa vinapangana foleni kusubiri data.

Na kuna mtego ambao matangazo hayausemi kwa sauti. Ubao mama wa mezani una nafasi nne za RAM, na mtu anaona njia rahisi: nijaze zote nne. Rasmi, 7950X ikiwekewa vijiti viwili vya RAM huenda kwa 5200. Ikiwekewa vinne, AMD wanaihakikishia 3600 tu. Bado ni chaneli mbili, ila sasa kila chaneli imebebeshwa vijiti viwili. Wapo wanaofaulu kuisukuma zaidi ya hapo, na wapo ambao mashine yao inagoma kuwaka hadi watoe vijiti viwili. Ukihitaji RAM kwa mamia ya gigabaiti, basi acha kubanana huko, hama ukoo. EPYC ya kizazi hicho inabeba hadi terabaiti 6 kwa soketi moja, na hilo prosesa ya mezani haiwezi hata kulikaribia.

Njia za PCIe nazo ni vivyo hivyo. Kadi moja ya michoro na diski mbili za kasi za NVMe zinatosha kwenye prosesa ya mezani bila shida. Ongeza kadi ya pili, na zile njia 16 za kadi zinagawanywa nane kwa nane. Ongeza kadi ya mtandao yenye kasi na diski nyingine nne, umeishiwa. Mwenye kadi nne za michoro asipoteze muda kulinganisha. Ajibane anunue ya seva au Threadripper, prosesa kubwa za AMD za kompyuta za kazi.

Halafu kuna ECC, yaani RAM inayojikagua makosa, na hapa nina kinyongo kidogo. RAM ya kawaida haijui kama imekosea. Chukua nambari 500 iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Biti moja tu, ile yenye thamani ya 65,536, ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja, nambari yako sasa ni 66,036. Hakuna onyo, hakuna skrini ya buluu. Faili linahifadhiwa na kosa lake, na nakala ya akiba inachukua kosa lilelile. RAM ya ECC huongeza biti za ukaguzi, katika mpangilio uliozoeleka biti 8 kwa kila 64, na kwa hizo inaweza kurekebisha biti moja iliyogeuka na kugundua mbili. Si ugonjwa wa kufikirika. Utafiti uliofanywa kwenye mashine za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta vijiti zaidi ya 8 katika kila 100 vikipata makosa ndani ya mwaka.

Kwa miaka mingi Intel waliifanya ECC kuwa kizingiti cha kuwasukuma watu kwenye Xeon, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwasema vikali kwa hilo mwanzoni mwa mwaka 2021. Nakubaliana naye. Uwezo wa kujua kwamba data yako imeharibika haukupaswa kuwa anasa. Siku hizi mambo yamelegea: prosesa nyingi za Ryzen za mezani zinakubali ECC endapo ubao mama nao unakubali, na Intel wanairuhusu kwenye baadhi ya Core (prosesa zao za kawaida) kuanzia kizazi cha 12 kwa ubao wenye chipu ya W680. Soma ukurasa wa ubao wenyewe kabla ya kulipa, na usidanganyike na maneno "DDR5 ina ECC ndani yake". Hiyo hurekebisha makosa ndani ya chipu ya kumbukumbu peke yake. Data ikiharibika njiani kuelekea kwenye prosesa, haina habari. Tena vijiti vya seva vya RDIMM haviingii kwenye ubao wa mezani. Unatafuta UDIMM, yaani vijiti vya mezani, zenye ECC.

Kuhusu uimara, naona watu wanaipa chapa ya seva sifa zaidi ya inavyostahili. Mwaka 2012 Xeon E3-1230 v2 na Core i7-3770 zilikuwa kimsingi silikoni ileile. Ya kwanza ilikuwa na kasi pungufu kidogo na michoro yake ya ndani imezimwa, ila ilikubali ECC, na watu wengi waliipachika kwenye ubao wa kawaida wakaitumia kwa gemu miaka na miaka. Mwaka 2024 AMD walitoa EPYC 4004: soketi ya AM5 ileile ya Ryzen za mezani, chaneli mbili, na ya juu kabisa ina viini 16 vinavyofika gigahezi 5.7. Umeitambua? Ni 7950X iliyovaa sare. Tofauti ya kweli ni majaribio yaliyofanywa na ahadi ya mtengenezaji, na hayo si bure, hasa ukikumbuka kwamba mwaka huohuo Intel walikiri tatizo la volti kwenye Core za kizazi cha 13 na 14 za mezani, wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Kusukuma gigahezi hadi ukingoni kuna gharama yake, na prosesa za seva haziishi ukingoni.

Yupo pia mtu asiyeulizwa kabla ya kununua, naye ni wewe utakayeishi na mashine hiyo. Ubao wa seva huchukua dakika kadhaa kuwaka maana unakagua RAM yote. Nyingi hazina tundu la spika, zina matundu machache ya USB, na hazilali ukiondoka mezani. Feni zake zilitengenezwa kwa chumba ambacho hakikai mtu. Kwa upande wa pili zina kitu ambacho aliyekizoea hataki kukiacha: chipu ya BMC inayokuwezesha kuwasha mashine, kuingia BIOS (mipangilio ya ubao) na kusakinisha mfumo upya ukiwa mbali nayo, hata ikiwa imezimwa. Kama mashine itakaa chumba kingine na kazi yake ni kutumikia wengine, hiyo peke yake yaweza kuwa sababu tosha. Kama itakuwa chini ya meza yako, sahau.

Na ile Xeon ya mtumba? Kipenzi cha wengi ni E5-2680 v4 ya mwaka 2016, yenye viini 14 na kasi ya juu ya gigahezi 3.3. Kwa mwenye kutaka uwanja wa kujifunzia mashine pepe, si haba, mradi ajue anachokichukua. Kwa kompyuta ya kazi za kila siku, Ryzen 5 7600 yenye viini 6 na wati 65 inaiacha mbali kwenye kiini kimoja, na hata kwenye kazi za viini vyote haiachwi nyuma. Xeon hiyo haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Ukiona ubao wa soketi mbili, kumbuka Windows ya Home hutambua prosesa moja tu, na kwamba kiini cha prosesa ya kwanza kikitaka data iliyo kwenye RAM ya jirani yake kinachelewa. Piga na hesabu ya umeme kabisa: kila wati 100 za ziada, mashine ikiwaka usiku na mchana, ni uniti 876 kwa mwaka. Muuzaji hatazitaja.