Wabunge wa kubebwa? Tuulizane nani kambeba nani

Jumapili ya juzi, pilau ikiwa jikoni, nilifungua kundi letu la WhatsApp, lile la Waswahili tuliotapakaa Wales, nikakuta kaka mmoja wa Cardiff ameandika: “Wale wabunge wa kanda ni viti maalum tu. Wa kubebwa. Mei hii ya 2026 wanafutwa, afadhali.” Chini yake vicheko kumi na tano, vile vya machozi.

Kitunguu kikaungua.

Nilijibu kidogo, admin akanikumbusha kwamba kundi ni la misiba na harusi, siasa kila mtu apeleke kwake. Haya, nimezileta kwangu, na hapa hakuna admin.

Nianze na mahali ninapokaa, maana kaka yetu ni mtu wa Cardiff na watu wa Cardiff huamini Wales inaishia pale barabara kuu inapoanza kubanana. Mimi niko Ceredigion, ndani ya kanda ya uchaguzi ya Wales ya Kati na Magharibi. Ni majimbo manane kati ya arobaini ya Wales nzima, lakini kwa ardhi ni zaidi ya nusu ya nchi. Kondoo wanatuzidi kwa mbali. Nikitaka kwenda Cardiff, mji mkuu wa nchi ninayoishi, kwa treni kutoka Aberystwyth, treni inanitoa kwanza nje ya Wales hadi Shrewsbury, England, ndipo nigeuke kurudi chini. Ile reli ya Carmarthen iliyokuwa ikikatiza moja kwa moja ilifungwa miaka ya 1960. Imebaki basi la T1, na ukilikosa, umelikosa.

Watu waliotawanyika hivi, kura zao nazo zimetawanyika. Humo ndimo ilimo hoja yangu yote.

Mara yangu ya kwanza kupiga kura huku ilikuwa tarehe 6 Mei 2021. Mtanzania kama mimi anaruhusiwa kwa sababu ya Jumuiya ya Madola, na wengi wetu hatujui, tunakaa nyumbani tukilalamika. Kituo kilikuwa ukumbi wa kijiji wenye harufu ya mvua na chai ya jana. Ilikuwa enzi ya barakoa, tukaambiwa kila mtu aje na kalamu yake, nami nikaenda na kalamu ya ushirika wa mama yangu kule Moshi, yenye picha ya ng'ombe. Karani akanipa karatasi mbili za Bunge la Wales. Nikamwambia umezidisha. Akacheka, akaniambia kwa taratibu ya kumwelewesha mgeni: hii ya kwanza ni ya mtu wa jimbo, hii ya pili ni ya chama kwa kanda nzima.

Nilisimama kwenye kile kibanda cha mbao dakika kadhaa. Nyumbani napewa karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani, lakini hakuna hata moja inayoniuliza viti maalum niwape nani. Vile hugawiwa vyama kwa hesabu ya kura nilizopiga kwa jambo jingine, halafu nasomewa majina. Hapa waliniuliza. Nikampa mtu ninayempenda karatasi moja, chama kingine kabisa karatasi ya pili, na ng'ombe wa mama akashuhudia.

Kwa hiyo kaka, hapo kwanza. Mbunge wa kanda wa Wales alipigiwa kura, kwa karatasi yake, na mimi nikiwemo. Kama wewe ya pili uliikunja bila kuisoma, hilo si kosa lake.

Sasa hesabu. Tangu uchaguzi wa 1999 hadi ule wa 2021 Bunge la Wales lilichaguliwa kwa viti 60: 40 vya majimbo, 20 vya kanda, vinne kwa kila kanda kati ya tano. Vya majimbo anachukua aliyeongoza, hata kwa kura moja. Kisha inaingia hesabu ya D'Hondt, ambayo watu huitaja kana kwamba ni uchawi. Ni mpakuaji wa harusini tu. Anaangalia nani ameshapata nyama. Kura za kila chama za karatasi ya pili anazigawanya kwa viti ambavyo chama kimeshapata, akiongeza moja. Mwaka 2021, kwetu, Conservative (wahafidhina) walikuwa wameshinda majimbo manne, kura zao zikaanza kugawanywa kwa tano. Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, walikuwa na matatu, zikagawanywa kwa nne. Labour walikuwa na moja tu, Llanelli, zikagawanywa kwa mbili. Liberal Democrats walikuwa mikono mitupu, kura zao zikabaki zilivyo. Mwenye jibu kubwa anapata kiti, anakikalia wa juu kwenye orodha ya majina ya chama, hesabu inarudiwa, hadi vinne viishe. Matokeo: Labour wawili, Plaid mmoja, Liberal Democrats mmoja, Conservative hakuna. Walishashiba.

Ona ajabu yake. Kwenye mabonde ya kusini Labour walikuwa ndio wenye nyumba, na karatasi ya pili waliiona usumbufu. Huku kwetu Labour ni mgeni anayekaa karibu na mlango, na karatasi ya pili ndiyo iliyompa sahani. Na aliyeingia kwa sahani hiyo mwaka 2021 ni Eluned Morgan, ambaye Agosti 2024 akawa Waziri Kiongozi wa Wales (naona jina hilo la Zanzibar ya zamani linakaa vizuri kuliko yote). Wala si wa kwanza. Alun Michael, kiongozi wa kwanza kabisa wa serikali hiyo mwaka 1999, naye aliingia kwa orodha ya kanda hii hii ya kondoo. Halafu Machi 2025 bajeti ya serikali ya Morgan ilipokuwa inapumulia mashine, aliyeinusuru kwa kujizuia kupiga kura ni Jane Dodds, Liberal Democrat pekee bungeni wakati ule, naye wa orodha ya kanda yetu. Kubebwa gani huku ambako waliobebwa ndio wanaoibeba serikali?

Lakini wa kumzungumzia hasa ni Helen Mary Jones wa Plaid Cymru, na sina kadi ya chama chake wala cha mtu yeyote. Mwaka 1999 alishinda Llanelli. Mwaka 2003 akaipoteza kwa kura 21. Ishirini na moja! Daladala moja ya asubuhi inabeba zaidi ya hao. Kwa kuwa jina lake lilikuwa pia kwenye orodha, akaingia kupitia kanda. Mwaka 2007 akairudisha Llanelli. Je, yule aliyeshindwa kwa kura 21 alikuwa amekataliwa na wananchi? Maelfu walikuwa wamemtaka, na miaka minne baadaye wakawa wengi.

Hata hivyo kelele za “mlango wa nyuma” zilishapanda. Huko Clwyd West, kaskazini, mwaka 2003 wagombea watatu walioshindwa jimboni waliingia bungeni kwa orodha, na Labour, walioshinda jimbo lile, wakakasirika kama mtu aliyemfukuza mgeni akamkuta mezani. Ikaja sheria ya 2006: chagua moja, jimbo au orodha. Mwaka 2011 Helen Mary Jones akachagua jimbo, akashindwa kwa kura 80, akaenda nyumbani. Jamani, mwanasiasa mzoefu wa watu wa Llanelli anakaa nje ya bunge kwa ajili ya watu themanini, kwa sababu chama kikubwa kimeudhika kuwaona walioshindwa wakitembea na vichwa juu! Marufuku yenyewe ilifutwa kwa sheria ya 2014. Mwaka 2016 akashindwa tena, kwa kura 382, na 2018 akarudi kwa orodha baada ya mwenzake kujiuzulu. Mwanamke huyu ameingia mlango wa mbele mara mbili na wa uani mara mbili, na nyumba ni ile ile.

Na kuna aliyefukuzwa na ushindi. Nick Bourne aliwaongoza Conservative wa Wales zaidi ya miaka kumi, akiwa mbunge wa orodha ya kanda yetu. Mwaka 2011 chama chake kilifanya vizuri, kikaongeza jimbo la Montgomeryshire, mpakuaji akasema ninyi mmeshapata, na kiongozi akakosa kiti katika uchaguzi ule ule ambao chama chake kilishangilia. Ninawaza uso wake pale ukumbini. Kupiga makofi huku unajizika.

Nakubali, kwa shingo upande, mfumo ulikuwa na mabaya yake. Viti 20 kati ya 60 ni vichache mno kusawazisha mizani, ndiyo maana Labour walifika nusu ya bunge bila nusu ya kura. Mbunge wa orodha akiondoka, wa chini yake anapanda bila wananchi kuulizwa. Na mwaka 2016 orodha yetu ilituletea Neil Hamilton wa UKIP, kile chama cha kuitoa Uingereza Umoja wa Ulaya, ambaye makazi yake yalikuwa Wiltshire, England. Niliambiwa hilo na jirani yangu mkulima kwa sauti ambayo huitumia akitaja ugonjwa wa ng'ombe. Sawa. Lakini UKIP walikuwa wamepigiwa kura, na wapiga kura wao nao walikuwa watu wa hapa, hata kama mgombea hakuwa.

Basi tutibu vipi? Hapa ndipo ninapochoka.

Sheria ya 2024 imeondoa kanda, imeondoa majimbo 40, imeondoa karatasi mbili. Tarehe 7 Mei 2026 tunachagua bunge la watu 96 kutoka majimbo mapya 16, kila moja watu sita, kwa orodha za vyama. Orodha zilizofungwa. Chama kimeshapanga nani wa kwanza na nani wa sita, wewe unaweka alama moja kwenye chama, au kwa mgombea binafsi, basi. Hesabu ni ile ile ya D'Hondt. Nafasi ikibaki wazi, wa chini yake anapanda, vile vile.

Umeona, kaka? Ulikuwa unawacheka ishirini wa orodha. Sasa karibu wote 96 watakuwa wa orodha! Kilichofutwa ni ile karatasi ya kwanza, ile ya mtu, ile niliyompa mtu ninayempenda bila kukipenda chama chake. Wabunge wa kubebwa hawaondoki Mei, wanahamia nyumba nzima.

Wataniambia uwiano utakuwa bora zaidi. Utakuwa, sibishi. Wataniambia sasa mgombea lazima awe mkazi wa Wales. Vizuri, asante, imechukua muda. Ila nchi za watu huwa zinaweza kuwapa wapiga kura uwiano na mtu kwa pamoja: wape nafasi ya kupanga majina wenyewe. Jambo hilo lilikuwa mezani, likaachwa, na sikushangaa, maana anayepanga orodha ndiye mwenye funguo, na nani huachia funguo kwa hiari.

Halafu angalia ramani. Jimbo la Gwynedd Maldwyn linaanzia rasi ya Llŷn, baharini kabisa, linapita milima yote ya Meirionnydd, linaishia mpakani na England. Sita watahudumia eneo hilo. Kila mmoja atasema suala lako ni la mwenzake.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na upande wa Maldwyn (kwa Kiingereza Montgomeryshire) kuna bibi mmoja ninayempelekea dawa na kumfunga soksi asubuhi. Ni Labour wa damu. Jimbo lake la Montgomeryshire halikuwahi kumchagua Labour kwenda bunge hili, tangu 1999 hadi 2021. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua kwenda kituoni na magoti yale. Akanionyesha vidole viwili, akakunja kimoja. “Hii ya kwanza,” akasema, “naipiga kwa heshima ya baba yangu. Ya pili ndiyo ya kazi.”

Wiki hii nilimsomea karatasi ya maelezo ya uchaguzi mpya, kwa sababu miwani yake imepasuka upande mmoja. Nilipofika kwenye alama moja akanikatiza, akauliza na ile nyingine inakwenda wapi. Nikamwambia hakuna nyingine, mama. Akasema nisome tena, labda nimeruka mstari. Nikasoma tena, polepole, soksi moja bado mkononi. Akanyamaza, kisha akauliza kati ya hao sita ampigie nani simu kuhusu basi la hospitali.

Sikuwa na jibu. Kaka yetu wa Cardiff nilimtumia swali hilo hilo kundini, naye amejibu kwa kidole gumba.

Admin amekifuta.