Dola Mbili Zisizopigiwa Makofi

Juni 1920, Portland, jimbo la Oregon. Wanachama wa Shrine, chama cha udugu cha Freemason wa Marekani, wako kwenye mkutano wao mkuu, tarbushi nyekundu kila kona, bendi zinapishana barabarani hadi usiku wa manane. Forrest Adair, mfanyabiashara wa viwanja na nyumba kutoka Atlanta, yuko hotelini akijaribu kulala. Alfajiri, mpiga tarumbeta mmoja ambaye naamini hata wenzake walikuwa wameshamkimbia anasimama chini ya dirisha na kupiga wimbo uliokuwa ukivuma siku zile, wimbo wa kupuliza mapovu. Akimaliza, anaanza upya.

Mkutanoni wajumbe walikuwa wakisuasua. Mkuu wao wa mwaka ule, Freeland Kendrick, alikuwa amependekeza wajenge hospitali ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Wengine walitaka kwanza iundwe kamati, na kila mtu anajua hoja ikipelekwa kwenye kamati huenda kufanya nini huko. Adair akasimama, akawasimulia habari za yule mpiga tarumbeta. Akawaambia kwamba na wao ni vivyo hivyo: wana watu, wana fedha, na wanazunguka mitaani wakipuliza mapovu. Hoja ikapita. Kila mwanachama alipe dola 2 kwa mwaka.

Nimeanza na kisa ambacho hakina hata mpira mmoja wa gofu ndani yake, na nimekusudia. Nimehudhuria siku kadhaa za gofu za hisani, nimekula vyakula vyake, nimepiga picha nyuma ya zile hundi zenye ukubwa wa mlango. Kadiri ninavyoisoma historia ya vyama vya udugu vilivyochangisha fedha uwanjani, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba gofu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Sehemu nzito ni ile dola mbili ambayo hakuna anayeipigia makofi.

Turudi kwa akina Adair, maana ukoo huu umebeba pande zote mbili. George, ndugu yake Forrest, alikuwa miongoni mwa watu walioistawisha gofu ya Atlanta. Mwanawe Perry alikulia kwenye uwanja wa East Lake pamoja na vijana wengine wawili: Bobby Jones, aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa gofu, na msichana aitwaye Alexa Stirling ambaye mwaka 1916 alitwaa ubingwa wa wanawake wa Marekani. Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani, watatu hao pamoja na Elaine Rosenthal wa Chicago walizunguka miji ya nchi hiyo wakicheza mechi za maonyesho kuchangia Msalaba Mwekundu. Zilipatikana takriban dola 150,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Jones alikuwa na miaka 16 na hasira za umri wake. Karibu na Boston alikosea pigo akaitupa fimbo mbele ya umati, na Stirling ndiye aliyebaki na aibu. Mimi hapo humwonea huruma zaidi huyo dada.

Mechi zile zilifanya kazi yake, vita vikaisha, zikaisha. Hakuna ubaya. Lakini miaka mitatu kabla yake, Forrest, mjomba wa uwanja huo huo, tuseme hivyo ingawa kwa Perry alikuwa baba mkubwa au mdogo, alishaanza jambo la aina nyingine. Mwanamke aitwaye Bertie Wardlaw alikuwa akihangaikia watoto maskini waliofanyiwa upasuaji wa mifupa na hawakuwa na mahali pa kupatia nafuu. Kwa taratibu za udugu ule, yeye mwenyewe asingeweza kuwa mwanachama. Adair akaingia, daktari Michael Hoke akaingia, na mwaka 1915 Freemason wa tawi la Scottish Rite wakafungua kituo cha watoto hao katika nyumba ndogo za kupanga huko Decatur, kando ya Atlanta. Kwa hiyo mtu aliyesimama Portland hakuwa akiota. Alishaona kodi ya nyumba inavyodai kila mwezi, na mtoto anavyohitaji miezi, si siku moja ya mashindano.

Hospitali ya kwanza ya Shrine ilifunguliwa Shreveport, Louisiana, mwaka 1922. Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana mdogo mwenye mguu uliopinda, aliyekuwa amejifunza kutembea akikanyagia upande wa juu wa mguu badala ya wayo. Mtoto kama huyo hunyooshwa polepole, kwa plasta inayobadilishwa mara kwa mara. Sasa fanya hesabu: wanachama laki moja wakilipa dola mbili, una dola laki mbili, mvua inyeshe au jua liwake, mgeni rasmi aje au asije. Haba na haba, ndiyo, lakini haba iliyoandikwa kwenye katiba ya chama.

Najua neno Freemason kwa wasomaji wengi wa Kiswahili huamsha minong'ono ya utajiri wa ghafla na mikataba ya usiku. Minong'ono hiyo siingii. Inayonivutia ni historia ya wazi: mafundi waashi wa Scotland walikuwa na sanduku la pamoja la kuwasaidia wajane na yatima wa wenzao, na udugu uliokuja baadaye, ambao wengi wa wanachama wake hawajawahi kushika mwiko wa uashi, ukarithi desturi hiyo ya kuchangiana. Gofu ikawakuta humo humo. Klabu ya waungwana wa Edinburgh iliandika kanuni 13 mwaka 1744 kwa ajili ya kushindania fimbo ya madini ya fedha katika viwanja vya Leith, ambako palikuwa na mashimo matano tu. Mshindi alikuwa daktari wa upasuaji, John Rattray. Mwaka uliofuata Rattray alijikuta upande wa jeshi la waasi, na inasimuliwa kwamba alinusurika kitanzi kwa sababu jaji mkubwa, Duncan Forbes, alikuwa mwenzake wa uwanjani. Udugu wa gofu, kwa maana yake ya awali kabisa, ulikuwa huo: kumtoa mwenzako kwenye kamba.

Mwaka 1768 klabu hiyo ilijenga nyumba yake. Aliyeweka jiwe la msingi, kwa taratibu za kimasoni, ni William St Clair wa Roslin, aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa Freemason wa Scotland mwaka 1736 na mchezaji hodari wa gofu. Nyumba ile ilikuwa ya kulia na kunywea. Walikula, walinywa, walipeana dau la mvinyo, na karne iliyofuata madeni yakawazidi. Nyumba ikauzwa, na mwaka 1836 wakahamia Musselburgh. Ni klabu ile ile iliyoko Muirfield leo. Huwa naikumbuka nikiona bajeti ya mashindano ya hisani ambamo chakula cha jioni kimekula kuliko mgonjwa.

Sitaki kuonekana naidharau gofu. Kuna sababu vyama vya udugu viliishikilia badala ya mchezo mwingine. Mchezaji wa kawaida anaweza kushindana na bingwa kwa sababu ya handikapu, yaani mapigo anayopunguziwa kulingana na uwezo wake. Freemason wana pima maji katika alama zao, kuonyesha kwamba ndani ya chumba cha mkutano bwana na karani wako sawa. Handikapu ni pima maji ya uwanjani. Frank Stableford alisogeza jambo hilo mbele pale Wallasey, Uingereza, mwaka 1932, kwa mfumo wake wa pointi: ukiharibu shimo moja unapata sifuri, unasonga mbele, siku yako haijafa. Kisha ukaja mtindo wa timu ambapo wote wanne wanapiga na mpira uliokaa vizuri ndio unaofuatwa. Mtu ambaye hajawahi kushika fimbo anaweza kulipa kiingilio akarudi nyumbani na pigo moja la kujivunia. Kwa mchangishaji, huyo ni dhahabu.

Na kuna bunduki. Mwaka 1956, katika klabu ya Walla Walla, jimbo la Washington, Jim Russell alitumia mlio wa bunduki kuwaanzisha wachezaji wote kwa wakati mmoja, kila kundi kwenye shimo lake. Kabla ya hapo watu walianza mmoja baada ya mwingine kuanzia shimo la kwanza, wa mwisho wakimaliza huku wale wa kwanza wameshasinzia. Kwa mlio mmoja, mashimo 18 yakibeba makundi mawili ya watu wanne, una watu 144 wanaoanza pamoja na kumaliza karibu pamoja, wenye njaa, mbele ya mnada. Kwa maoni yangu, risasi ile imechangisha fedha nyingi kuliko hotuba zote zilizowahi kutolewa kwenye ukumbi wa klabu.

Mengine ni vichekesho vyenye faida. Unauziwa ruhusa ya kurudia pigo baya. Kuna gari linalong'aa kando ya shimo fupi kwa atakayetumbukiza mpira kwa pigo moja, na mwandaaji amelikatia bima, kwa hiyo ukishinda anayelia ni kampuni ya bima. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, thamani ya mchezo na chakula ulichopata haihesabiwi kuwa sadaka, ni ile ziada tu. Natamani kila chama, popote kilipo, kiandike ziada hiyo kwenye tiketi kwa herufi kubwa.

Mashindano ya wachezaji wa kulipwa yalifuata njia hiyo hiyo. Mchango wa kwanza wa hisani wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wachezaji hao nchini Marekani, unahesabiwa kuwa dola 10,000 za mashindano ya Palm Beach ya 1938. Kufikia 2020 jumla ilikuwa imepita dola bilioni 3. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna watu wa kujitolea, na baadhi yao ni vyama vya udugu hasa. Phoenix ina Thunderbirds, kundi lililoanzishwa 1937, ambalo Bob Goldwater alilishawishi kubeba mashindano ya mji huo mwaka 1939. Mshindi alikuwa Byron Nelson. Dallas ina Salesmanship Club, iliyozaliwa 1920, mwaka ule ule wa mapovu ya Portland. Mwaka 1968 ilichukua mashindano ya Dallas na kuyapa jina la Nelson huyo huyo.

Nawapenda hao wa Dallas kuliko wote, kwa sababu moja. Fedha zao zinakwenda mahali pamoja, kwa watoto na familia zinazohitaji huduma ya afya ya akili na elimu, kazi waliyoianza kabla hawajashika gofu. Mashindano yalikuja kuhudumia kazi. Vyama vingi hufanya kinyume: vinapanga siku ya gofu, vinajaza wadhamini, halafu wiki mbili kabla mtu anauliza, jamani, safari hii tunampa nani?

Kuna doa, na sitalipita kimya. Udugu huu ulitoa kwa wageni huku mlango wake ukiwa umefungwa. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu cha weupe tu hadi 1961. Klabu ya kifalme ya St Andrews ilipiga kura kuwaingiza wanawake mwaka 2014. Muirfield, wale warithi wa Leith, walikataa mwaka 2016, wakakubali 2017. Sisemi dola za mtu wa namna hiyo hazikununua plasta ya mtoto, zilinunua. Ila Bertie Wardlaw aliona tatizo kabla ya wanaume wote niliowataja, na ilimbidi apite mlango wa mtu mwingine.

Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa masoko ya fedha, Shrine walijadili kufunga baadhi ya hospitali zao. Wanachama wakakataa kwa kura. Wakati huo jina lao lilikuwa tayari kwenye mashindano makubwa ya Las Vegas, televisheni na yote. Walioamua, hata hivyo, walikuwa wale walipa ada, kwa sababu hospitali ilikuwa yao kwa miaka mingi kabla kamera hazijafika.

Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote anayeandaa fomu ya kujiandikisha kwa mashindano yajayo ni dogo. Chini ya saizi ya fulana na chaguo la chakula, ongeza mstari mmoja: kiasi kidogo cha kila mwaka, mtu awe amecheza au hajacheza, na jina la mahali pamoja kinapokwenda. Kisha piga bunduki.