Kangomba, machinga na baharia wa kijiweni

Kila mazungumzo ya lugha yanapozuka hapa Mtwara, lawama huishia kwa vijana. Wameharibu Kiswahili, wanageuza maneno, mtoto anamwita baba yake "oya". Mimi nakataa. Vijana wanageuza maneno kweli, lakini waliyoyageuza wao hayajamuumiza mtu. Maneno yaliyotuumiza huku kusini yaligeuzwa na watu wazima wenye mihuri na vipaza sauti.

Chukua hili la baharia. Siku hizi kila mwanamume wa mjini ni baharia. Mtu pantoni ya Msangamkuu tu anaipanda kashikilia nguzo kwa mikono miwili, lakini kijiweni ni baharia kwa sababu ana maneno matamu na wanawake wawili. Kinachonifurahisha ni kwamba lugha ilishapita njia hii zamani. Msela nalo lilitokana na neno la Kiingereza la huyohuyo baharia, likaja kumaanisha kijana asiye na kazi, mhuni wa maskani, baadaye likalainika likawa rafiki tu: "Vipi, msela?" Wadogo zao wamechukua neno la Kiswahili sanifu wakalipitisha mulemule, bila hata kujua kuwa kaka zao walishatangulia. Nani kaumia hapo?

Sasa njoo kwenye kangomba.

Asili yake ni chombo, kopo au bakuli la kupimia korosho huko vijijini, Newala, Tandahimba, Masasi. Mnunuzi anapiga hodi wakati mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, nyumbani kuna mgonjwa au mtoto anadaiwa sare. Anaacha hela. Msimu ukifika anarudi na chombo chake. Nimeona kinavyojazwa: mkono mmoja unamimina, mwingine umezunguka mdomo wa bakuli kama ukuta, korosho zinapanda mpaka zinafanya kichuguu. Zinazodondoka chini haokoti mwenye nyumba, anaokota mnunuzi. Hiyo inahesabiwa bakuli moja.

Kutoka kwenye chombo neno likahamia kwenye biashara yenyewe. Kuuza kwa kangomba ikawa kuuza nje ya chama cha msingi, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kupeleka mzigo ghalani, akapewa risiti, kisha korosho zikauzwa mnadani, ambao kwenye korosho ulianza msimu wa 2007/08. Mpaka hapo sina ugomvi. Chombo kuipa biashara jina si ajabu. Ugomvi wangu ni pale neno lilipomhamia mtu. Mwaka 2018 minada ilikwama, Serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaletwa kuzisomba, na ukafanyika uhakiki wa nani ana shamba na nani hana. Ghafla kangomba si bakuli tena, ni wewe. Umekodi mikorosho ya jirani? Kangomba huyo. Umepeleka ghalani mzigo wa bibi yako asiyeweza kutembea? Jieleze vizuri. Walanguzi halisi walikuwepo, tena wengi, na siwatetei. Wamewanyonya wazazi wetu miaka na miaka. Lakini neno ambalo mkulima alilitumia kulalamikia bakuli limekuwa neno la ofisi kumshuku mkulima. Hapo hakuna kijana wa bodaboda aliyehusika.

Machinga limekwenda mbali zaidi, na hili linaniuma kwa niaba ya jirani zetu wa Lindi. Wamachinga ni kabila. Wapo, kwao ni Lindi, wana lugha yao iliyo jirani na Kimwera na Kiyao. Miaka ya themanini na tisini vijana wa kusini walimiminika Dar es Salaam, enzi ambazo Rufiji inavukwa kwa pantoni na mvua ikinyesha basi linalala kwenye tope (Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003). Walifika Kariakoo hawana hela ya pango la duka, wakabeba bidhaa mikononi. Wenye mji wakawaita wote Wamachinga, hata aliyekuwa Mmakonde au Mmwera. Baadaye akaitwa hivyo Msukuma, Mchaga, na yeyote mwenye rundo la soksi begani.

Serikali ikalipokea neno, ikalivisha suti. Desemba 2018 vikaanza kugawiwa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, kimoja shilingi 20,000, na kila mtu akaviita vya wamachinga. Yakajengwa masoko ya machinga. Siku hizi wako chini ya wizara kabisa. Nani alisimama kuuliza kama wenye jina lao wameafiki? Watu wamesahau kiasi cha kulitungia neno asili mpya, eti ni Kiingereza, "machingi gai", jamaa anayetembea! Hadithi inachekesha, sikatai, na wanaoisimulia huisimulia kwa kujiamini sana. Ila kijana wa huko akiulizwa kabila mjini akajibu "mimi Mmachinga", swali linalofuata ni anauza nini.

Sidai neno lirudishwe lilikotoka. Halirudi, na wachuuzi wenyewe wameshalipenda, wanaunda nalo umoja na kudai nalo haki zao. Ninachodai ni kidogo. Mwandishi wa habari anayetaka kuandika kwamba wamachinga wamepanga bidhaa juu ya mtaro, aandike wachuuzi. Neno lipo na ni fupi. Na afisa anayeandika kangomba kwenye taarifa yake, kama ana ushahidi aandike mlanguzi, na kama hana aandike mkulima.