Msimbazi: kuwahamisha watu ni nusu ya kazi

Mashabiki wa Simba wakitaka kuwachokoza wenzao wa Yanga huwaita vyura, maana klabu yao iko Jangwani na mvua zikikolea maji huingia bila hodi. Ni utani tu. Lakini Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na Bonde la Msimbazi ndilo lililoumia sana.

Mto huu unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Selander. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 uliliweka bonde hili kwenye maeneo hatarishi. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo ikazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wanaosema wakazi walivamia wana cha kuonyesha.

Ila karatasi hizo zilikaa kabatini. Wengi waliuziwa viwanja mbele ya mashahidi, wakaungiwa umeme, wakahesabiwa kwenye sensa na kupiga kura palepale. Hatari waliijua: nyumba nyingi mabondeni zina kizingiti cha saruji mlangoni, unaruka ndipo uingie sebuleni. Baada ya mafuriko ya 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji, na baadhi wakarudi bondeni. Wengine waliwaita wakaidi. Mimi naona walipiga hesabu ya nauli, kwa sababu mtu anayebeba mizigo au kuuza mitumba Kariakoo hawezi kulala Mabwepande akafika sokoni alfajiri na bado akabakiwa na kitu.

Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa, nyuma yake tingatinga. Miezi michache baadaye, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi, karakana yake ikiwa hapohapo Jangwani. Mvua za 2018 ziliyakuta mabasi ndani ya maji. Karakana hiyo nayo ilistahili X.

Mradi wa sasa ni wa aina nyingine. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200: mto upanuliwe, daraja la Jangwani liinuliwe, karakana iondoke, bonde la chini ligeuzwe bustani ya jiji, na wanaohamishwa walipwe. Kulipwa huko ni hatua kubwa, hata kama mvutano wa fidia ya ardhi haukukosekana: serikali ilisema eneo hatarishi halina hati, mkazi akasema bila kiwanja hiyo nyumba atakwenda kuijenga wapi. Hapa nipo na mkazi. Thamani ya matofali haimnunulii mtu sehemu ya kuyapanga. Lakini kwenye kuhama kwenyewe nipo na serikali, kwani hakuna ukuta utakaoufanya mtaa wa bondeni kama Mkwajuni uwe salama msimu wa masika.

Kinachonitia shaka ni huko juu ya mto. Jangwani inajaa mchanga unaosombwa kutoka kwenye miteremko inayojengwa kila siku na kingo zinazochimbwa na wauza mchanga. Taka zisizozolewa huziba makalavati. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa ajili ya dampo na wakashinda. Baadaye taka zikaenda kumwagwa Vingunguti, bonde lilelile. Machinjio na viwanda vimetiririsha uchafu kwenye maji ambayo wakulima wa mchicha humwagilia, na mchicha huo unaliwa mjini na matajiri na maskini.

Bustani itapendeza pichani. Ila wilaya za juu zisipodhibiti vibali vya ujenzi, uchimbaji mchanga na uzoaji wa taka, mitambo ya kuchimba tope itarudi Jangwani kila baada ya misimu michache, na gharama hiyo italipwa juu ya mkopo ambao bado tunadaiwa.