Viatu vyangu vimeingia Kampala, mimi bado

Nyie vijana mkiona bando limepanda mnalia hadi mafua, sasa ngoja niwape yangu ya 1978. Nilikuwa utingo wa lori Mwanza, mambo safi tu, nimejinyima miezi nikanunua viatu, raizoni nyeusi kisigino hiki hapa, za kwendea ukweni. Nikazificha nyuma ya siti kwenye lori maana nyumbani mdogo wangu angezivaa disko.

Si ndo nduli Amin wa Uganda akavamia Kagera, na siku hizo hizo akalipua na daraja la Kyaka. Novemba 2 tumejazana hotelini kwenye redio, Mwalimu anasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mimi nikaitikia TUNAYOOO mpaka chai ikanimwagikia. Kumbe balozi wa nyumba kumi kakaa nyuma yangu, akaniambia vizuri sana kijana, kesho saa kumi na mbili asubuhi mgambo, uwanja wa shule.

Nafika huko napewa bunduki ya mbao. Ya mbao jamani, na bado nikaambiwa nimeishika vibaya. Kushoto geuka, nageuka kulia, basi nikazunguka ule uwanja mpaka nikajuta kuijua redio.

Huku nyuma malori na mabasi yanachukuliwa kupeleka jeshi mbele, la bosi wangu nalo likaenda, dereva akaenda nalo. Hakuna aliyebisha, watu walikuwa wanachanga mpaka ng'ombe, we utabishia lori? Mimi nilichanga kuku mmoja. Raizoni sikuzichanga, zilijiendea zenyewe.

Ukweni nikatokea na katambuga za tairi. Mzee akaniangalia miguu, akauliza unafanya kazi gani, nikasema utingo, akauliza lori liko wapi, nikasema vitani. Akacheka huyo mzee mpaka akakohoa.

Aprili 11, 1979 redio inatangaza Kampala imeanguka, mtaa mzima vigelegele, mimi nawaza viatu vyangu vimefika mjini kwa watu na mimi Mto Kagera wenyewe sijauona! Halafu tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Nikapiga hesabu yangu ya la saba, ikaja mwishoni mwa 1980. Weee! 1983 bado nafulia majani ya mpapai, sukari unapanga jiwe foleni unaenda kulala, ukirudi jiwe lako limesogezwa na jiwe la mtu mwenye mjomba dukani.

Lori lilirudi, bodi matundu matundu kama chujio. Nikapanda haraka nikapapasa nyuma ya siti, patupu. Nikamfuata dereva, kaka, zile raizoni? Akaniangalia weee, akasema tumezika wenzetu huko, wewe unaniuliza viatu?

Nikanyamaza, nikamwambia pole kaka. Ila wakati anaondoka nilimchungulia miguuni.