Ngoma ya Lambeg ni ya nani hasa?

Ukiwa Ireland Kaskazini karibu na tarehe 12 Julai, siku ya maandamano makubwa ya Waprotestanti, kuna dude utalisikia kabla hujaliona. Ndo Lambeg hiyo, ngoma ya kuning'iniza shingoni, upana wake sentimita 90 na kitu, mwili wa mbao ya mwaloni, ngozi ya mbuzi huku na huku, kilo kama 15 hadi 18 na mtu anatembea nayo hivyohivyo akiitwanga kwa fimbo nyembamba za henzirani. Desibeli zake zinapita 120, ukisogea bila kuziba masikio shauri yako.

Sasa kuna wanaosema ni urithi wa wote, na kuna wanaoiona ngoma ya kibabe ya kuwatisha Wakatoliki, na ubishi unaanzia kwenye asili. Waprotestanti wengi wa Orange Order, chama chao kinachoandaa hayo maandamano, wamekua wakiambiwa ilikuja na askari wa Kiholanzi wa mfalme William, Mprotestanti aliyemchapa James wa Pili, Mkatoliki, pale mto Boyne mwaka 1690. Stori tamu, ina mfalme, ina vita. Ila ngoma za jeshi za enzi zile zilikuwa ndogo kuliko hii, na inavyoelekea Lambeg ilinenepeshwa taratibu karne ya 19, wapigaji wakishindana ya nani inavuma zaidi (wanaume na kushindana, we acha tu). Jina lenyewe ni la kijiji karibu na Lisburn. Halafu kuna hili wengi hawapendi kulisikia, Wakatoliki wa Ancient Order of Hibernians, chama cha upande wao, nao walikuwa wanaandamana na Lambeg zao, zimepakwa rangi na picha za kwao.

Kwa hiyo wanaosema ni urithi wa wote, kihistoria mi nawapa pointi. Tena mpigaji wa Armagh, hukohuko Ireland Kaskazini, anayehangaika kukaza kamba ngozi itoe mlio safi, maana kwenye mashindano majaji wanasikiliza mlio na sio nguvu tu, ukimwita mbabe unamuonea.

Lakini Mkatoliki aliyekulia jirani na njia ya maandamano utamwambia nini, kwamba babu zake nao walipiga? Yeye miaka yote kaisikia ikija na bendera za upande wa pili, na mwili wake unakumbuka hilo, mambo ya karne ya 19 hayamsaidii. Na ngoma ni ileile, jioni ya mashindano anavishwa mtu, tarehe 12 anavishwa huyohuyo, na aliyeko ndani kwake mtaa wa pili anasikia tu mlio.