Hotuba Yangu Pale Mkunguni

Mimi ni fundi cherehani; nimezoea kusema na kitambaa. Lakini kikundi chetu cha kusafisha mitaa ya Amu, yaani mji wa Lamu, kilikuwa na watu wanne na mafagio mawili, moja la kuazima, na aliyepangiwa kuomba michango siku hiyo akapatwa na homa ya ghafla. Homa yenyewe naijua: ya kipaza sauti.

Basi baada ya alasiri nikasimama uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Kapu la michango nimelisahau nyumbani, nikavua kofia yangu ya vito, nikaishika mkononi.

Nilianza vibaya. "Mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2001..." Watu wakaendelea na kahawa yao. Ah, nikajisemea, hapa Amu anza na punda.

"Ni nani hapa punda wake hajaumwa na tumbo kwa kula plastiki?"

Vichwa vikageuka. Hata mcheza bao mmoja akabaki na kete mkononi. "Mifuko ilipigwa marufuku tangu 2017," nikasema, "lakini mifereji yetu haisikilizi redio!" Wakacheka. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana mtu akishachekewa hujiona khatibu. Nikafumba macho, sauti ikaanza kutetemeka yenyewe.

"Sitaki mali zenu! Nataka saa moja Jumamosi asubuhi, na shilingi hamsini ya koleo. Aupendaye mji huu na asimame!"

Nikasikia viti vikiburutwa. Ndara zikapiga sakafu, pa pa pa pa! Mashallah! Machozi yakanilenga. "Taratibu, ndugu zangu," nikasema, macho bado nimeyafumba, "msisukumane, kila mtu atapata koleo!"

Nilipofumbua, uwanja mweupe. Boti ya Mokowe, kule bara yanakoishia mabasi, ilikuwa imefunga gatini na abiria wa basi la Mombasa, na mahamali na vijana wangu wote wako huko wakigombania masanduku. Waliobaki ni punda mmoja na mzee mmoja kwenye baraza, ambaye masikio yake yamestaafu zamani.

Mzee akainuka na bakora yake, akanijia polepole. Akaniangalia nilivyosimama, macho mekundu, kofia nimeikinga. Akapapasa mfuko wa kanzu, akatumbukiza shilingi ishirini.

"Mjukuu wangu," akaninong'oneza, "mbona hukunena mapema kuwa una ndaa?"